Kiinua Mgongo

Kiwanda kilipofungwa hakikuwa na fedha.
Walimpa Shebwana ufunguo:
"Ndiyo kiinua mgongo chako, chukua."
Miaka ishirini na sita ya kusambaza mkate,
Maweni, Barani, Kisumu Ndogo, kila alfajiri,
na mwisho wake gari lenyewe,
mlango wa nyuma umeshikizwa kwa waya.

Nilimwambia auze. Akanyamaza.
Aking'oa rafu, akabakiza moja ya vikombe,
akapigilia mbao, akatandika godoro,
akamwita Karisa fundi atoboe dirisha
upande wangu.
"Wataliano wanazo hizi," akasema,
"nyumba za magurudumu.
Wao wanalala wakitazama bahari yetu,
sisi tunalala tukitazama ukuta."
Hapo sikuwa na jibu.

Tuliondoka Malindi Jumanne, jua bado,
mimi, yeye, jiko la gesi, ndoo
na harufu ya hamira.
Nilikuwa nimelifukiza udi siku tatu.
Hamira ilishinda.

Gongoni, kwenye vilima vyeupe vya chumvi,
akapunguza mwendo: "Hapa nilikuwa naacha themanini."
Mbele kidogo, ishirini. Na pale
kuna mama alikufa na deni la mikate kumi na miwili,
"Mungu amrehemu, mimi nilishafuta."

Tulipovuka mto Garsen hesabu zikamwishia.
Hajawahi kupeleka mkate huku.
Akanyoosha shingo juu ya usukani
kama mtoto siku ya kwanza darasani.

Kizuizini Gamba, askari akataka nyuma pafunguliwe.
"Mmebeba nini?"
"Kitanda."
"Mnahama?"
"Tunatembea."
"Kwa umri huo?"
Nikamuuliza, umri upi.
Akafunga mlango mwenyewe, na waya akaufunga.

Witu watoto walitukimbilia, mkate, mkate!
Rangi ilituishia kabla ya ubavu wa kushoto,
maandishi ya kiwanda bado yanasomeka.
Shebwana akapiga honi, akawapungia,
kisha hakusema neno hadi Mokowe.

Mokowe barabara inaisha.
Kijana wa boti, Fumo, alilizunguka gari mara mbili.
"Hili halivuki, mzee. Ng'ambo gari letu ni punda,
na punda hana dirisha."
Tukalifunga, tukavuka na mkoba mmoja.

Langoni, kwa binamu yangu Mwanakombo,
tulipewa heshima zote: kitanda kirefu cha kupandia kigoda,
chandarua kilichopigwa pasi, samaki wa kupaka,
hadithi za jamaa waliokufa na walioudhi.
Saa nane za usiku nikamsikia anageuka.
"Umelala?"
"Sijalala."
"Unatazama nini?"
"Ukuta."
Tulicheka hadi tukauma mto,
binamu asisikie.

Kesho yake tukamdanganya kwamba
dawa za presha zimesahauliwa garini.
Nadhani alijua. Alitufungia mikate ya mofa
na hakutuuliza tutarudi lini.

Usiku huo tuliacha mlango wa nyuma wazi.
Taa za Lamu zilikuwa ng'ambo, chache,
na maji yalikuwa yakigonga gati bila haraka.
Shebwana alilala chali, jambo asiloliweza tangu zamani,
kwa sababu ya yale makreti.
"Mgongo?" nikauliza.
Hakujibu, alikuwa anakoroma.

Asubuhi bati likagongwa.
"Mkate upo?"
Naye, macho bado yamefumba, kwa sauti ya kazini:
"Mingapi?"
Kisha akazinduka, akaniangalia
kama mtu aliyefumaniwa.

Mlangoni mtoto wa kike, kanga ya mamake kichwani,
ishirini mkononi.
Tulikuwa na mofa tatu. Nikamfungia mbili.
Shebwana akaikataa ile sarafu, mtoto akashukuru,
akaanza kwenda.
"We! Njoo," akamwita. "Ilete."
Akaitia mfuko wa shati,
akaupapasa kwa nje,
akarudi kulala.